Busara ya Utendaji: Njia na Lengo

Mtu anaposifiwa kuwa ni wa vitendo, sifa hiyo huweza kubeba maana tatu: ustadi wa mikono, yaani uwezo wa kutengeneza kitu, werevu, yaani uwezo wa kuona njia fupi ya kulifikia lengo lililokwisha kuwekwa, na busara, yaani uwezo wa kupima kama lengo lenyewe linastahili kufuatwa. Maana hizi zisipotenganishwa, hodari wa njia huaminiwa hata katika uamuzi wa malengo, na hatari ya jambo hilo ilitambuliwa tangu kale.

Aristotle (384–322 K.K.), katika kitabu cha sita cha Maadili ya Nikomako, alitofautisha tekne, yaani ufundi wa kuunda kitu kilicho nje ya mtendaji, na fronesisi, yaani busara ya utendaji, ambayo lengo lake ni tendo jema lenyewe. Fundi anayekosea kwa kusudi, alieleza, ni afadhali kuliko anayekosea kwa kutojua, kwa kuwa ufundi wake bado anao. Lakini katika busara mambo ni kinyume, kwa sababu anayetenda vibaya kwa kusudi amedhihirisha kwamba busara hana. Wala busara hiyo haitoshelezwi na kanuni za jumla: anayejua kwamba nyama nyepesi hufaa kwa afya, lakini hajui nyama ipi ni nyepesi, hawezi kumsaidia mgonjwa kama yule ajuaye tu kwamba nyama ya kuku inafaa. Ndiyo maana kijana huweza kuwa bingwa wa jiometria, ilhali busara humngojea mpaka apate uzoefu. Werevu nao husifiwa pale tu unapotumikia lengo jema. Ukitumikia ovu, huwa ni hila.

Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, aliifikia hoja hiyo kwa njia nyingine, alipoonyesha kwamba maelekezo ya tabibu anayetaka kuponya na ya muuaji anayetaka sumu yake isishindwe yana thamani sawa, endapo yatapimwa kwa kufanikisha makusudi yake tu. Kant aliyaita maelekezo ya aina hii amri zenye masharti, yaani amri zinazomfunga yule tu anayelitaka lengo fulani, akazitofautisha na amri isiyo na sharti, inayomfunga kila mwenye akili.

Wanafalsafa hawa walitofautiana kuhusu nafasi ya furaha katika maadili, lakini wote wawili wanafundisha kwamba mafanikio peke yake hayathibitishi ubora wa tendo. Kwa hiyo, anayekataa kujadili malengo kwa madai kwamba yeye ni mtu wa vitendo hajayaepuka malengo hayo, bali ameyapokea bila kuyapima kutoka kwa waliomwekea, na wajibu wa matokeo yake unabaki kuwa wake.