Mazutu Yakiingia Mtoni

Ndugu zangu wa Salamabila, Waislamu na Wakristo, baba zangu na mama zangu! Mgodi wa Namoya ulijengwa mbali na nyaya za umeme, na mitambo ya migodi ya namna ile hula mazutu, yaani dizeli. Mazutu huja kwa malori, hulazwa matangini. Tangi hutoboka. Lori hupinduka darajani. Siku hiyo ikifika, msingoje kuamriwa!

Mnaijua habari ya Musa na Firauni: mto ulipogeuka damu, Wamisri walichimba kandokando wapate maji ya kunywa. Ninyi hata njia hiyo msiitegemee. Mwaka 2015 bomba la Kenya Pipeline Company lilivuja huko Thange, karibu na Kibwezi nchini Kenya, na mafuta yakapenya udongo hadi mtoni na visimani. Wala kuchemsha hakuokoi: moto huua vijidudu, mazutu hubaki chunguni.

Basi kimbilieni upande wa chini wa mto! Huko yuko mama anayeinama na bidoni yake, hajui kinachomjia. Ni jirani yenu, hata kama kijiji chake na chenu vinagombea mashamba. Mwenye pikipiki awashe, kengele ilie, msikiti ufungue kipaza sauti, maana mto wetu Luama hauishii kwetu. Unashuka hadi mto Lualaba. Mtu atakayeanza kuuliza nani atalipa petroli ya pikipiki, mnyamazisheni kwa kumlipia.

Mazutu huelea. Penye mkondo mwembamba vijana wapange mifuko ya mchanga, wapitishe mabomba chini kabisa, maji yaende na mafuta yazuiliwe juu. Lakini asiteke mtu mafuta hayo ili ayauze, asiwashe mtu sigara! Tulizika watu zaidi ya 230 wa Sange, Kivu Kusini, lori la mafuta lilipolipuka tarehe 2 Julai 2010. Wengine walikuwa wameshika vidumu mkononi.

Kisha jazeni chupa kwa maji yale mbele ya mashahidi, mzifunge, mwandike tarehe na mahali. Katiba yetu ya Kongo, kifungu cha 54, inadai fidia kwa uchafuzi. Sheria ya madini ya 2018 inamtaka mwenye mgodi alipe madhara hata pasipo kosa lake. Msiweke kidole kwenye karatasi msiyosomewa, na asiende mtu peke yake kupokea bahasha! Watu wa Thange, zaidi ya 3,000, walidai pamoja. Mwaka 2025 mahakama ikaamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 3.8. Miaka kumi walingoja, na hawakuachana.

Kila kijiji cha kando ya mto kichague sasa watu wawili wa kupeleka habari, usiku na mchana. Majina yao yasomwe msikitini Ijumaa hii, na kanisani Jumapili.