Siku ya Kwanza ni Ipi?

Hadithi aliyoipokea Ibn Mas'ud inaeleza mja anavyoumbwa tumboni mwa mamaye: tone la manii, pande la damu, pande la nyama, ndipo malaika anatumwa kumpulizia roho. Wanazuoni wengi wamejumlisha siku za hatua hizo kabla ya roho, wakapata 120. Wako wanaosema 40. Huko Uingereza, kamati ya mwanafalsafa Mary Warnock ilipendekeza mwaka 1984 kwamba kiinitete kisikuzwe maabara kupita siku 14, na mwaka 1990 ikawa sheria. Kanisa Katoliki halitaki hesabu: tangu mimba inapotungwa, huyo aheshimiwe kama mtu.

Kwa hiyo ugomvi juu ya seli shina za viinitete, yaani seli changa zinazoweza kugeuka tishu yoyote ya mwili, ulikuwa, kwa kiasi kikubwa, ugomvi wa kalenda. James Thomson wa Wisconsin alipozipata seli hizo kwa kuvunja viinitete vya binadamu mwaka 1998, Roma ilikataa katakata. Baraza la Fikihi la Makka, mwaka 2003, liliruhusu viinitete vilivyobaki kwenye matibabu ya ugumba vitumike kwa ridhaa ya wazazi.

Kisha akaja Shinya Yamanaka wa Kyoto. Amewahi kusimulia alivyochungulia kiinitete kwa darubini katika kliniki ya rafiki yake, akawawaza binti zake. Mwaka 2006 alichukua seli za kawaida za panya, akazitia jeni 4, zikarudia utoto na kuwa seli shina. Mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za ngozi ya binadamu. Tuzo ya Nobel ilimfikia 2012. Hakuna kiinitete kilichovunjwa, na viongozi wengi wa dini wakashusha pumzi.

Walishusha mapema.

Septemba 2023 Jacob Hanna na wenzake wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, walitangaza kwamba seli shina za binadamu zimejipanga zenyewe, bila yai, bila mbegu ya kiume, bila mji wa mimba, zikawa kitu kinachofanana na kiinitete cha siku 14. Kati ya kila mafungu 100 ya seli, kama 1 tu ndilo lilifanikiwa. Hilo lilikuwa na tishu za kondo na lilitoa homoni. Kipimo cha ujauzito kikaonyesha kuna mimba! Watafiti wanakiita modeli, si kiinitete.

Sasa sheikh aanzie wapi kuhesabu? Hizo 14 si umri, ni ufanano wa umbo tu. Anaweza kusema hadithi inataja tumbo la mama, na kilichokulia kwenye chupa hakimo. Ni njia nyepesi mno: ingemwacha nje hata mtoto kamili, siku akilelewa na mashine. Padri amebanwa zaidi, maana hoja yake yote imesimama juu ya tukio la kutungwa mimba, na hapa tukio hilo halipo.

Suala hili lina wateja wanaolisubiri. Hanna alishiriki kuanzisha kampuni ya Renewal Bio, inayokusudia kupata seli na tishu za kupandikiza kutoka kwa modeli za namna hii, zitokane na seli za mgonjwa mwenyewe. Amewahi kutaja uwezekano wa kuzibadili jeni ili modeli isiote kichwa. Ufumbuzi huo unamridhisha anayeiweka roho kwenye ubongo. Lakini hadithi ya Ibn Mas'ud haikutaja ubongo, na Kanisa litauliza kwa nini mwili unyimwe kiungo makusudi ili upate kuvunwa.