Sababu na Dalili: Swali la Yakini Mbele ya Betri Isiyochaji

Katika Tahafut al-Falasifa, kitabu alichokikamilisha mwaka 1095, Imamu Ghazali alishikilia kwamba pamba inapoguswa na moto ikaungua, jicho huona kuungua kukitokea pamoja na mguso huo, wala haliuoni moto wenyewe ukiunguza, kwa kuwa mtendaji wa kweli ni Mwenyezi Mungu, naye ndiye aliyejaalia mambo hayo mawili yafuatane kwa desturi. Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kwamba anayekanusha sababu huibomoa elimu yenyewe, maana kukijua kitu ni kuzijua sababu zake. Mjadala huo haujafungwa, na haukupasa kuachiwa wanazuoni peke yao, kwa kuwa unamhusu kila anayetakiwa kueleza kwa nini jambo limetokea, akiwemo fundi wa boti anayeitwa ufukweni kwa sababu betri imeisha na injini imegoma kuwaka.

Injini inayofungwa nyuma ya boti, ikiwa ni ya aina inayowashwa kwa ufunguo, hujitengenezea umeme wake. Ndani ya flaiwili, gurudumu zito linalozunguka juu ya injini, mna sumaku, na sumaku hizo zinapozizunguka koili, yaani nyaya za shaba zilizoviringwa kwenye vyuma, huzalisha umeme unaobadili mwelekeo mara nyingi kwa kila sekunde. Betri haiwezi kuuhifadhi umeme wa namna hiyo, kwa hiyo unapitishwa kwanza kwenye kifaa chenye kazi mbili: rektifaya, inayoufanya uende upande mmoja, na regyuleta, inayozuia volti zisipande kupita kiasi. Ukitoka hapo hupita kwenye fyuzi na waya hadi kwenye vichwa vya betri.

Betri ya volti 12 iliyojaa, ikipumzishwa kwa saa kadhaa, husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12 kamili, chaji iliyobaki ni ndogo. Injini ikiwaka na kuongezwa mwendo, kipimo hicho kinatarajiwa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5 hivi, na kisipopanda hujulikana kwamba chaji haifiki. Lakini hicho kinachojulikana ni dalili tu, kwani kasoro ya koili, ya regyuleta, ya fyuzi, ya waya au ya kiungio kilichoshikwa na kutu ingeweza kuleta somo hilohilo. Na hata chaji inapofika vizuri, betri inaweza kukutwa tupu asubuhi kwa sababu imezeeka na haihifadhi tena, au kwa sababu pampu ya kutoa maji ya ngama imeungwa moja kwa moja kwenye betri na imefanya kazi usiku kucha.

Wanazuoni wa usuli wa fiqhi, elimu inayochunguza namna hukumu zinavyotolewa kwenye dalili zake, walikabiliwa na tatizo la sura hii walipotafuta illa, yaani sifa inayobeba hukumu, kama ulevi unavyobeba uharamu wa mvinyo. Njia mojawapo waliyoieleza, ambayo Ghazali mwenyewe aliizungumzia katika al-Mustasfa, huitwa sabri na taksimu: mtafiti hukusanya sifa zote zinazoweza kuwa illa, kisha huzijaribu moja moja na kuziondoa zisizofaa mpaka ibaki moja. Fundi anayepima umeme kwenye koili, kisha kwenye mlango wa regyuleta, kisha kwenye kichwa cha betri, hufanya taksimu hiyohiyo, kwa kuwa akikuta umeme unatoka kwenye koili lakini hautoki kwenye regyuleta, ameiondolea koili shaka, na akikuta volti 14 kwenye regyuleta na 12.3 kwenye betri, tatizo limebaki kwenye fyuzi, waya au viungio vilivyo kati. Udhaifu wa njia hii ni kwamba huleta yakini pale tu orodha ya mwanzo inapokuwa imetimia. Aliyeisahau pampu ya ngama atazijaribu sifa zote alizozikusanya, atazikuta zote hazina kosa, na pengine atanunua betri mpya.

Namna ya kuuliza pia ina uzito wake. Chumvi ya bahari hupenya kwenye ncha ya waya, ikasafiri chini ya ngozi ya plastiki na kuigeuza shaba kuwa unga wa kijani, huku nje waya ukionekana mzima. Waya huo ukipimwa ukinzani wake kwa mita, injini ikiwa imezimwa, hutoa jibu zuri, kwa sababu mita hupitisha umeme mdogo mno, na nyuzi mbili tatu zilizosalia zinatosha kuupitisha. Jaribio lenye kutegemewa hufanywa mzigo ukiwepo: ncha moja ya mita huwekwa kwenye kichwa cha betri na nyingine kwenye mwisho wa mbali wa waya uleule, kisha, ikiwa ni waya unaoilisha stata, yaani mota ya kuwashia injini, ufunguo huzungushwa ili stata ivute umeme mwingi, na hapo volti ambazo zingekaribia sifuri katika waya mzima huonekana zikipotea njiani. Kwa hiyo dalili ile ya kwanza haikusema uongo, ila iliulizwa swali dogo, na anayelichukua jibu lake kuwa hukumu ya waya mzima ameongeza yeye kisichokuwemo.

Njia ya pili ya wanausuli ni dawarani, yaani hukumu kuwepo sifa inapokuwepo na kutoweka sifa inapotoweka, na katika Ulaya ya karne ya 19 John Stuart Mill aliziweka kanuni zinazokaribiana nayo katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843. Hapa ndipo mafundi wengi hukatisha safari mapema. Regyuleta hubadilishwa, chaji hurudi, na mwenye boti huambiwa kwamba regyuleta ilikuwa imekufa. Nusu tu ya dawarani imetimizwa, kwa kuwa kuitoa ya zamani kulihitaji kuchomoa viungio, na kuchomoa na kuchomeka kiungio chenye kutu hukikwangua kikashika upya. Nusu ya pili ingetimia kwa kuirudisha regyuleta ya zamani: kasoro ikirudi nayo, madai yana nguvu, isiporudi, mshitakiwa hakuwa na hatia na kutu ingali mahali pake. Kazi hiyo ya ziada haichukui muda mrefu, mradi injini izimwe kwanza, maana kuondoa waya wa betri injini ikiwaka kunaweza kuipandisha volti ghafla na kuiunguza regyuleta nzima.

Wapo wanaoona kwamba uchunguzi wa kina namna hii hupunguza tawakali, yaani kumtegemea Mungu, nao hutaka kumtaja Ghazali kuwa shahidi wao. Wanamdhulumu. Yeye alikana ulazima wa kiakili kati ya sababu na tokeo, wala hakukana desturi, na juu ya desturi hiyo aliruhusu elimu ya tabibu isimame. Asiyeichunguza desturi ya shaba na chumvi hamwachii Mungu jambo, bali huwaachia abiria hatari ambayo hawakuulizwa kama wanaikubali. Kusema "regyuleta ndiyo iliyokuwa mbovu" ni kutoa ushahidi, na ushahidi una masharti.

Ugumu unaobaki ni wa kasoro inayokuja na kuondoka, ile inayotokea boti inapopigwa na mawimbi ya kusi na kupotea ikifungwa gatini, kwa kuwa dawarani haiwezi kutimizwa pale ambapo sifa haiitiki inapoitwa. Fiqhi huikubali dhana yenye nguvu katika mambo mengi ya matendo, kwa sharti kwamba isiitwe yakini. Fundi aliye katika hali hiyo anaweza kusafisha kila kiungio, kubadilisha waya anaoutilia shaka, kisha kumwambia nahodha waziwazi kwamba betri inachaji leo na sababu haijathibitishwa, ili yeye aamue kama atavuka mkondo na abiria kabla ya kufunga betri ya pili, au atasubiri.