Miaka Hamsini na Safari ya Kisiwani

Siku hizi twasikia habari za watu ambao, watimizapo miaka arobaini, hamsini au sitini, huacha nyumba na jamaa zao kwa siku chache, wakasafiri peke yao mpaka kisiwa cha mbali, ili washangilie huko siku ya kuzaliwa kwao. Katika nchi za Ulaya na Marekani jambo hilo limekuwa la kawaida, na wengine huja hata Unguja kwa shauri hilo. Huku kwetu Bukavu mtu hana haja ya kuvuka bahari: kisiwa cha Idjwi kipo katika Ziwa Kivu, nasi twakifikia kwa mashua. Basi yatupasa kuuliza: je, mtu afanya vema kushangilia miaka yake peke yake, au awanyima wenzake haki yao?

Tuweke mfano, ili fikira zetu zipate mahali pa kusimama. Mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi huko Kadutu, atimiza miaka hamsini. Amelea watoto wake sita, na wengine wawili walioachwa na marehemu dada yake. Mwaka mzima ameweka akiba kidogo kidogo. Asema: «Nitapanda mashua niende Idjwi, nikae siku tatu. Nisipike, nisisahihishe madaftari, nisiitwe na mtu.» Kaka yake mkubwa amjibu: «Dada yangu, tangu lini mtu akala sikukuu peke yake? Wataka majirani waseme tumekufukuza?» Tusimcheke mama huyu, wala tusimdharau kaka yake. Kila mmoja wao ashika sehemu ya kweli, na kazi yetu ni kuzitafuta sehemu hizo mbili.

Kwanza tuulize: siku ya kuzaliwa ni ya kushangiliwa kweli? Wazee wetu wengi hawakuijua tarehe yao. Walihesabu umri kwa mambo makubwa yaliyopita: huyu alizaliwa mwaka wa uhuru, 1960, yule wakati askari wa kukodiwa wa Schramme walipoushika mji wa Bukavu, mwaka 1967. Kwa hiyo wengine husema kwamba kushangilia tarehe ni desturi ya kigeni tu. Lakini angalieni: hata wazee wale walihesabu. Mtu anayehesabu miaka yake akiri kwamba hakujipa mwenyewe, naye ashangaa kwamba bado yupo. Tena huku kwetu yapo ya kushangaza. Mtu aliyezaliwa mwaka 1975 amewaona wakimbizi wa 1994 wakivuka mpaka. Ameona vita vya 1996, mwaka alipouawa Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa katika mji wetu, tarehe 29 Oktoba. Ameona vita vya 1998, mapigano ya 2004, tetemeko la nchi la Februari 2008, na kuingia kwa askari wa M23 mjini Bukavu mnamo Februari 2025. Wenzake wangapi hawakufika? Mtu wa namna hiyo akisema: «Nimetimiza hamsini, nataka kushukuru», si mtu wa kiburi. Amehesabu vizuri.

Pili tuulize: je, sikukuu huwa njema kwa sababu ina watu wengi? Ndivyo asemavyo kaka yule, naye ana haki kwa sehemu kubwa, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Walakini Maandiko Matakatifu yatuonyesha wafalme wawili walioshangilia siku ya kuzaliwa kwao katikati ya wageni wengi. Farao alifanya karamu, na siku ile akamrudisha mnyweshaji wake kazini, akamtundika mwokaji wake. Herode alifanya karamu, akaapa mbele ya wakubwa. Kisha, kwa kuwaonea haya wageni wake, akaamuru Yohane Mbatizaji akatwe kichwa. Herode hakuwa peke yake siku ile. Lau angalikuwa peke yake, labda dhamiri yake ingalipata nafasi ya kusema. Kumbe wingi wa watu hauitakasi sikukuu. Nasi twawajua watu wa mitaa yetu wasioua mtu, lakini kwa kuwaonea haya wageni hukopa fedha za karamu, wakalipa deni mwaka mzima, na watoto wakarudishwa nyumbani kwa kukosa karo ya shule. Mama yule akikataa sikukuu ya namna hiyo, hajakosa adabu.

Je, basi upweke ndio ulio bora? La. Tuangalie upande wa pili. Katika nchi ya Uganda, karibu na mji wa Kabale, lipo ziwa liitwalo Bunyonyi, na ndani yake kisiwa kidogo sana kiitwacho Akampene. Zamani, katika kabila la Bakiga, msichana aliyeonekana kuwa na mimba kabla ya ndoa aliweza kupelekwa kisiwani humo na kuachwa afe kwa njaa na baridi. Wengine walizama walipojaribu kuogelea. Wengine waliokolewa na wanaume maskini wasio na ng'ombe wa mahari, waliokuja kuwachukua wawe wake zao. Tazameni: maji ni yale yale, majani ni yale yale, na ukimya ni ule ule ambao msafiri wa leo aulipia fedha. Lakini kwa msichana yule kisiwa kilikuwa hukumu ya kifo, kwa sababu hakuna mtu aliyemngoja arudi.

Hapo ndipo tunapoipata tofauti kubwa. Kutengwa ni jambo moja, kujitenga ni jambo la pili, na kwenda faragha ni jambo la tatu. Aliyetengwa amefukuzwa na wenzake. Aliyejitenga amewafukuza wenzake moyoni mwake: hataki kuwajua wala kudaiwa nao kitu. Lakini aliyekwenda faragha ameondoka kwa muda, huku moyo wake ungali umefungwa kwa watu wake, nao wanamngoja. Bwana wetu mwenyewe alipanda mlimani kusali peke yake, na asubuhi akarudi kwa watu. Kwa hiyo tusiulize tu: «Mtu huyu yuko peke yake au yuko na wengine?» Tuulize: «Ameondoka namna gani, na atarudi kwa nani?»

Kaka yule aliogopa maneno ya majirani. Hofu yake si ya bure. Vijijini mwetu mtu apendaye kukaa peke yake hushukiwa upesi. Wengine hata humwita mchawi. Yatupasa kuikataa shaka hiyo, maana ni dhuluma kumhukumu mtu kwa kunyamaza kwake. Lakini hata mama anapaswa kuwaaga watu wake kwa maneno wazi, asiondoke kama mwizi.

Tena tufikiri jambo moja ambalo mara nyingi husahauliwa. Hakuna mtu aliyezaliwa peke yake. Siku ile tunayoiita siku yangu, mimi sikufanya kazi yo yote; nililia tu. Aliyefanya kazi ni mama yangu, na wakunga waliomshika mkono, na baba aliyetafuta kuni na maji ya moto. Basi katika siku zote za mwaka, siku ya kuzaliwa ndiyo iliyo mbali kabisa na upweke. Atakayeishangilia kama kwamba amejiumba mwenyewe amekosa kuielewa.

Mtakatifu Augustino, mwana wa Thagaste katika Afrika ya Kaskazini, aliijua kweli hii. Mwaka 386 alikuwa amechoka kwa kazi ya ualimu katika mji wa Milano. Akaiacha, akaenda kupumzika shambani mahali paitwapo Cassiciacum. Tarehe 13 Novemba, siku alipotimiza miaka 32, aliandaa chakula kidogo kisichowalemea walaji, kisha akaanza mazungumzo yaliyochukua siku tatu juu ya swali hili: mtu mwenye heri ni nani? Mazungumzo hayo yakawa kitabu. Augustino aliuacha mji na makelele yake, naam. Lakini pale mezani alikuwako mama yake Monika, na mwanawe Adeodato, na ndugu yake, na wanafunzi wake. Alijua kuondoka, na alijua pia ni nani asiyepaswa kuachwa.

Lakini mama yetu wa Kadutu hana shamba la rafiki wala wanafunzi wa kumfuata. Ana siku tatu na nauli ya mashua. Je, akifika Idjwi atakuwa peke yake? Wageni wa mbali husema «kisiwa» wakifikiri mchanga mtupu na miti, pasipo watu. Idjwi si hivyo. Ni kisiwa kikubwa, chenye urefu wa kilomita kama 40, katika ziwa lililo juu ya bahari kwa mita kama 1,460. Wakaaji wake ni wengi sana, wengi wao Bahavu, pamoja na Bambuti. Nchi yao imegawanyika sehemu mbili, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini, kila moja na Mwami wake. Wanalima mananasi, kahawa, mihogo, maharagwe na migomba. Usiku wanavua sambaza, wale samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1994 waliwapokea wakimbizi wengi juu ya ardhi yao iliyokuwa imesongamana tayari. Kwa hiyo anayekwenda Idjwi kutafuta upweke aingia katika nyumba ya watu. Atasalimiwa njiani, na yampasa kuitikia. Atauziwa nanasi, na yampasa kulipa bei ya haki. Kisiwa hakikuwekwa pale kwa ajili ya sikukuu yake. Ni kijiji cha wengine, wenye miaka yao na mazishi yao.

Sasa tukitafuta sheria ya kutuongoza, tutaiona katika Agano la Kale. Katika kitabu cha Walawi Mungu aliwaamuru Waisraeli wautakase mwaka wa hamsini, uitwao Yubilei. Mwaka ule ulikuwa na mambo mawili yasiyotenganishwa. La kwanza ni pumziko: mashamba hayakupandwa, nayo ardhi ilikaa kimya. La pili ni kurudi: shamba lililouzwa lilirudi kwa jamaa yake, na mtu aliyejiuza kwa umaskini alikwenda huru, akarudi kwao. Pumziko bila kurudi halikuwa Yubilei. Wala kurudi bila pumziko hakukuwa Yubilei.

Basi jibu letu ni hili. Mama huyu anayo ruhusa ya kwenda, tena afanya vizuri kwenda. Aliyewabeba wengine miaka thelathini si mwizi akijitwalia siku tatu. Hata ardhi ilipewa kupumzika, sembuse mama. Lakini yampasa kutimiza mambo matatu. Kabla ya kuondoka, awaachie watoto chakula, awaage jamaa kwa heshima, na kama mama yake yu hai, aende kumshukuru kwanza, maana siku ile ni yake pia. Akiwa kisiwani, awaheshimu wenyeji, na asiuogope ukimya. Awakumbuke waliofariki kabla ya kufika hamsini. Na akirudi, arudi kweli: amfungue mtu mmoja aliyekuwa amemfunga moyoni, awe mdeni asiye na cha kulipa, au ndugu waliyenuniana naye.

Na kaka yule? Yeye naye ana wajibu wake. Asimzuie dada yake gatini, bali ambebee mzigo hadi kwenye mashua, na siku ya tatu amngojee. Chakula cha jamaa kiliwe jioni hiyo, nacho kitakuwa na utamu zaidi, kwa kuwa aliyeketi katikati amepumzika.

Ninyi wakatekumeni, mnaojitayarisha kuandikwa majina yenu katika kitabu cha Ubatizo, tarehe yenu ya pili itaandikwa humo. Mtakapohesabu miaka yenu, kwa tarehe ya kwanza au ya pili, jiulizeni katika nafsi zenu: Namdai nani? Nani anidai mimi? Na je, nikiondoka leo, yuko nani atakayesimama ukingoni kunitazamia?