Urithi, Malezi na Lawama

Waswahili wana methali mbili zisizokaa nyumba moja kwa amani: mtoto wa nyoka ni nyoka, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ya kwanza huilaumu nasaba. Ya pili humlaumu mlezi, ambaye aghalabu ni mama.

Na ikisiwe nyumba moja ya Bungu, Kibiti, kwenye mihogo na mikorosho. Ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, wote wana selimundu. Mkubwa hulazwa kila mara kwa maumivu ya mifupa. Mdogo huugua kwa nadra. Jirani atasema mkubwa anadeka, au mama hakujitunza alipokuwa na mimba yake.

Asili ya maradhi yenyewe yajulikana. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa jeni ya selimundu, ikirithiwa kwa mzazi mmoja tu, humkinga mtu na malaria. Ndiyo maana imedumu katika nchi za mbu kama Rufiji. Ikirithiwa kwa wazazi wote wawili, huwa ugonjwa. Tofauti ya ndugu wale bado haijaelezwa.

Mtoto aliye tumboni hutumia himoglobini ya namna yake, isiyozigeuza chembe za damu kuwa mundu. Akishazaliwa, jeni zake haziondoshwi, bali hufungwa, kwa sehemu kwa alama za kikemia zinazobandikwa juu ya DNA pasipo kubadili herufi zake. Elimu ya kufuli hizo ndiyo epijenetiki. Kwa baadhi ya watu kufuli hulegea, na makali ya ugonjwa hupungua.

Nani huilegeza? Walioisikia elimu hii juu juu hukimbilia chakula na huzuni za mama. Kumbe utafiti wa wagonjwa wa Tanzania na Uingereza, uliochapishwa mwaka 2011, ulihusisha wingi wa himoglobini hiyo na tofauti ndogo za kurithi, zikiwemo za jeni ya BCL11A, ambayo kazi yake mojawapo ni kufunga. Mkono unaofunga nao ni wa kurithi, na ndugu wawili huenda hawakupata fungu moja. Mkubwa hadeki; mama hakuchagua.

Malezi yana kazi yake: maji, chandarua, kliniki. Ipo pia haidroksiyurea, dawa inayoiongeza himoglobini ile ile. Hapo lawama ina pa kukaa: dawa hiyo inamfuata mtoto Bungu, au mama ndiye hufunga safari ya mjini kuitafuta?