Unasali Wapi?

Katika miji yetu, mtu akitaka kujua dini yako hakuulizi unaamini nini. Anauliza, "Unasali wapi?" Ni swali la mahali, na jibu linalotarajiwa ni jina la parokia au usharika. Ukishalitaja, mwulizaji amejua mengi kupita imani yako: nani atakuja kukuona ukiugua, nani atapika msibani kwako, na siku ukifa utasindikizwa kwa sala za nani. Mimi nina miaka 48. Nasali kila siku, pengine kwa dhati kuliko nilivyosali nikiwa msichana. Lakini kwa muda mrefu sasa swali hilo linanipa kigugumizi. Naweza kueleza ninavyosali, ila sina mahali pa kutaja.

Ndani ya swali hilo naona kuna jambo la haki. Mtu aliyelelewa katika dini ya watu, kisha ukubwani akapata njia yake mwenyewe kwa Mungu, anadaiwa nini na wale waliomlea?

Nilizaliwa Kilimanjaro, katika kijiji ambacho Ukatoliki ulifika miaka ya 1890. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wameanza kazi Bagamoyo mwaka 1868, na kutoka pwani wakapanda hadi mlimani. Kufikia kizazi changu hakuna aliyekumbuka kwamba dini hii iliwahi kuwa ngeni. Ilikuwa kama kahawa: imetoka kwingine, lakini nani angeona kihamba bila kahawa akakiita kihamba? Mwezi wa tano na mwezi wa kumi tulisali rozari kila jioni. Baba alianza, sisi tuliitikia, na mdogo wetu alikuwa amesinzia kabla ya tendo la tatu. Nilizijua punje 59 kwa vidole kabla sijajua kuhesabu kwa maandishi. Kwenye mafundisho ya komunyo tulikariri maswali na majibu, na aliyeshindwa alirudi mwaka uliofuata.

Siwezi kusema utoto ule ulikuwa kifungo. Ulinifundisha kukaa kimya mahali penye watu wengi. Ulinifundisha kujichunguza usiku kabla ya kulala, na kuamini kwamba vitu vya kawaida kabisa, maji, mkate, mafuta, majivu, vinaweza kubeba jambo kubwa kuliko vyenyewe. Hadi leo sijaviacha hivyo, wala sidhani kama ningeweza.

Ndani ya nyumba hiyo hiyo alikuwamo bibi yangu, mzaa baba. Hakukosa misa. Lakini Kichaga chake kilikuwa na neno moja, Ruwa, kwa Mungu na kwa jua, na asubuhi alipotoka nje alitazama juu akalitamka, sisi tusijue anamsalimu nani. Katekista alitufundisha kwamba jua ni kiumbe tu. Bibi hakubishana naye. Aliendelea kusalimu.

Bibi ndiye aliyenieleza habari za isale, ule mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani mwa vihamba. Ukimkosea mtu, unampelekea jani la isale, au unamtuma mtu alipeleke, na anayeletewa hana budi kusikiliza, maana kulikataa jani hilo ni jambo zito mno. Alinisimulia juu ya ndugu wawili waliogombea mpaka kwa miaka mingi. Wote wawili walikuwa wakiungama na wote walipokea komunyo, na waliketi pande mbili za kanisa. Walipatana siku mmoja alipovuka mfereji akiwa na jani mkononi. "Padre alikuwa amewasamehe zamani," bibi alisema. "Wao ndio walikuwa bado." Katekista angejibu, na angekuwa na haki, kwamba Kanisa lenyewe linadai upatane na ndugu yako kwanza. Ninachokumbuka ni kwamba tangu siku hiyo nilijua kuna milango zaidi ya mmoja.

Sikutoka kanisani kwa ugomvi. Hakuna padre aliyenitukana. Nilikuwa muuguzi katika wodi ya watoto wachanga, wale wanaozaliwa kabla ya wakati, na jambo lenyewe lilianzia hapo.

Kanisa linafundisha kwamba mtoto akiwa katika hatari ya kufa, mtu yeyote anaweza kumbatiza, akiwa na maji na maneno yanayotakiwa na nia ya kutenda lile Kanisa linalotenda. Wazazi Wakatoliki waliponiomba, nilifanya hivyo, kwa maji kidogo sana, kwa sababu vichwa vyenyewe vilikuwa vidogo kuliko ngumi yangu. Lakini mashine za joto zimepangwa kwa safu. Huyu nimembatiza, na anayefuata, mwenye uzito ule ule na anayepumua kwa shida ile ile, ni mtoto wa Kiislamu, na wa tatu mama yake hakusema kitu. Ikitokea wote watatu wakafa kabla ya mapambazuko, mimi ndiye ninayewafunika. Nilifundishwa utotoni juu ya limbo, mahali pa watoto wasiobatizwa, pasipo na mateso lakini pasipo na kumwona Mungu pia. Halikuwa fundisho la lazima. Yalikuwa maoni ya wanateolojia, na mwaka 2007 tume ya kimataifa ya wanateolojia ya Vatican ilitoa hati ikisema kuna sababu za kutumaini kwamba watoto hao wanaokolewa. Niliisoma habari hiyo nikashukuru. Lakini moyo wangu ulikuwa umeshajibu. Sikuweza kumfunika mtoto na kuamini kwamba anakwenda kwingine kuliko mwenzake, wala hata kutumaini kwa tahadhari. Nilijua, kama unavyojua kwamba maji yana unyevu. Na nikishajua hilo, mambo mengi niliyokuwa nikiyatamka Jumapili yalianza kulegea moja baada ya jingine.

Usiku mmoja bibi wa mtoto mmoja, mama wa Kirufiji aliyekuja kumwangalia mjukuu wake, aliniomba tuombe. Nilimwambia, "Shikamoo bibi, mimi si Mwislamu, dua zenu sizijui." Akasema, "Marahaba mwanangu. Kaa tu." Nikakaa. Alinyanyua viganja vyake, midomo ikicheza bila sauti. Mimi niliweka mkono juu ya kioo, nikamtazama yule mtoto akipanda na kushuka kifua, na sikusema neno, hata moyoni. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Alipomaliza alijipangusa uso akaniambia, "Ahsante kwa dua." Sikuwa nimeomba chochote. Lakini sikuona kama amekosea.

Tangu hapo ndivyo ninavyosali. Naamka saa kumi na moja alfajiri, nakaa, natazama. Wakati mwingine rozari iko mkononi na vidole vinatembea bila maneno. Baadaye nilisoma habari za Simone Weil, mwanafalsafa wa Ufaransa aliyezaliwa mwaka 1909 katika familia ya Kiyahudi na kufariki Uingereza mwaka 1943. Alimpenda Kristo, alilipenda Kanisa, na katika barua zake za mwaka 1942 kwa Padre Perrin, Mdominikani, alieleza kwa nini hakuwa tayari kubatizwa. Mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba hakutaka kujitenga na umati wa walio nje. Aliandika pia kwamba kiini cha sala ni kuelekeza usikivu wote. Kwa muuguzi hilo halina ugeni. Mtoto wa gramu 900 hawezi kukuambia anaumwa wapi. Humwelewi mpaka uache kuwaza mambo yako.

Rafiki yangu mmoja, Mkatoliki thabiti, anasema nimejitengenezea dini kama mtu anayechagua nyanya sokoni: nzuri kikapuni, mbovu nimeacha. Namjibu kwamba Kanisa lenyewe, katika Mtaguso wa pili wa Vatican, mwaka 1965, liliita dhamiri mahali patakatifu ambapo mtu yuko peke yake na Mungu. Naye hujibu kwamba dhamiri inahitaji kulelewa, isije ikageuka kuwa jina jingine la matakwa yangu. Hapo ananishika. Hatari ya dini ya mtu mmoja ni kwamba hakuna anayeweza kukuambia hapana. Katika jumuiya ya mama yangu yuko mama mmoja ambaye atakuuliza mbele ya watu wote kwa nini hujamsalimu jirani yako tangu Pasaka. Katika ukimya wangu wa alfajiri hakuna mama huyo. Mungu wangu, nikiwa mkweli, ananikubalia mambo mengi mno. Hata isale la bibi linahitaji watu wawili na mpaka kati yao.

Kwa hiyo bado nakwenda jumuiyani. Maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua katika miaka ya 1970 kuzifanya jumuiya ndogondogo kuwa msingi wa maisha ya Kanisa, na katika mtaa wetu ni kaya chache zinazokutana Jumamosi asubuhi kwa zamu za nyumba. Nasoma Injili nikipewa. Nachanga kwa ajili ya wagonjwa. Wanaposema Kanuni ya Imani nanyamaza. Sipokei komunyo. Wapo wanaoona huo ni unafiki. Unafiki, ninavyouelewa, ni kuonyesha ulichonacho kuwa zaidi ya kilivyo. Mwenyekiti wa jumuiya aliponiuliza, nilimwambia ninachoamini na nisichoamini, na yeye akaandika jina langu kwenye daftari la zamu ya kufagia kanisa. Nilifagia.

Sisemi hivi kwa sababu taasisi ni ya upole. Baba yangu mdogo alipofariki, ofisi ya parokia yake ilitaka barua ya jumuiya, na jumuiya ikafungua daftari: hakuwa amehudhuria, na michango ilikuwa nyuma kwa miaka. Alikuwa ameugua kwa muda mrefu huo. Padre hakuja. Nilitafuta Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, nikasoma kanuni ya 1184, inayotaja wanaonyimwa maziko ya Kanisa. Ni wale walioasi imani waziwazi, wazushi na waliojitenga, waliochagua kuchomwa maiti kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa wazi ambao maziko yao yangewakwaza waamini. Na hata hao, wakionyesha dalili ya toba kabla ya kufa, hawanyimwi. Sikuona humo mtu aliyebaki nyuma kwa michango.

Lakini siku ile ile wanawake wa jumuiya hiyo hiyo walikuja. Walikuja na masufuria, na ndizi, na kuni, wakalala kwetu siku tatu. Jioni walisali rozari, na kaburini, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuongoza, mmoja wao alianza wimbo na wengine wakaitikia. Daftari lilikuwa lao na masufuria yalikuwa yao. Kila ninapotaka kusema kwa mkato kwamba Kanisa ni hivi au vile, nakumbuka hilo.

Mama yangu ana hofu moja tu juu yangu. "Mama," ananiambia, maana ndivyo anavyoniita, "wewe sala zako nazijua, Mungu anazisikia. Lakini nani atakuzika?" Wengine wangeona ni hofu ndogo, ya taratibu na vyeti. Mimi naona ndilo swali zito kuliko yote niliyoulizwa juu ya imani yangu. Mtu anaweza kusali peke yake, lakini hajawahi kutokea mtu aliyejizika. Nimewaambia mume wangu na wadogo zangu kwamba wasibishane na ofisi yoyote kwa ajili yangu. Padre akija, aje. Asipokuja, aimbe atakayeweza. Nimekubali bei hiyo, kwa sababu siwezi kudai misa ya watu ambao sikuweza kuitikia Amina yao. Ninachoweza ni kupika kwenye misiba yao sasa hivi, nikiwa na nguvu.

Binti yetu wa mwisho ana miaka tisa na anajiandaa kwa komunyo ya kwanza. Wapo walionishauri nimwache akue kwanza, achague mwenyewe. Sikukubaliana nao. Ukimya wangu ulitoka katika rozari za baba, na maswali yangu yalitoka katika majibu niliyokaririshwa. Sijui ningechagua kwa kutumia nini kama nisingepewa kitu cha kuanzia. Wiki iliyopita aliniuliza kwa nini mimi sipokei. Nilimwambia kwamba ukipokea unasema Amina, na Amina ni kukubali, na yapo mambo ambayo mama hawezi kuyakubali, wala hataki kusema uongo mbele ya Mungu. Akauliza kama Mungu amekasirika. Nikasema sidhani. Akafikiri kidogo, kisha akaniletea daftari lake ili nimsikilize majibu ya Jumamosi. Nilimsikiliza hadi mwisho, na pale alipokosea nilimsahihisha, maana nayajua yote.