Kisa cha Carlton Tavern: onyo kwa wanunuzi wa nyumba za kale London

Ndugu zetu wengi wanaoishi London, baada ya miaka ya kulipa kodi ya pango, hufika hatua ya kutafuta nyumba yao wenyewe. Wengine walioko Dar es Salaam, Mombasa au Muscat huchanga pesa na jamaa zao walioko huko ili wanunue kwa pamoja. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya London ni mji wa zamani, wenye nyumba za enzi za Malkia Victoria zilizobanana ukuta kwa ukuta, mara nyingi kinachonunuliwa huwa ni nyumba ya kale. Ndiyo maana naomba tukitazame kisa hiki kwa utulivu. Walioteleza humu hawakuwa watu wageni wa mji waliotapeliwa na dalali. Ilikuwa kampuni ambayo kazi yake ni majengo. Kama wao waliteleza, mimi na wewe tusijihesabu kuwa tumesalimika.

Carlton Tavern ni baa iliyoko barabara ya Carlton Vale, kaskazini-magharibi mwa London, pale Maida Vale inapokutana na Kilburn. Ilijengwa mwaka 1920 hadi 1921 kwa ajili ya kampuni ya bia ya Charrington, mahali palipokuwa na baa nyingine iliyoharibiwa kwa bomu la Wajerumani mwaka 1918. Vita Vikuu vya Pili vilipoupiga mtaa huo, husimuliwa kwamba jengo hilo ndilo pekee lililobaki limesimama. Baadaye yakaja maghorofa mapya, na ile baa ya matofali na vigae ikawa peke yake katikati yao. Hata kwa jirani asiyegusa pombe, lilikuwa ndilo jengo lililobaki la kumkumbusha mtaa ulivyokuwa.

Kampuni iitwayo CLTX, iliyokuwa mmiliki, iliomba kibali cha kulibomoa na kujenga mahali pake jengo lenye fleti 10. Januari 2015, Halmashauri ya Westminster ikakataa.

Hapo ndipo dalili ya kwanza ilipojitokeza, na ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi. Mtu akishalipa fedha nyingi kwa ajili ya jengo, jibu la kukataliwa humfika kama kero, kama urasimu wa kuvumilia tu mpaka upite. Nadhani wengi wetu tungelipokea hivyo hivyo. Nyumba ni yangu, hati ninayo, kwa nini karani wa halmashauri aniambie la kufanya na ukuta wangu? Lakini katika mtaa wa kale, hati inakupa jengo pamoja na masharti yake. Jibu la kukataliwa halikuwa mwisho wa njia, kwani kampuni ilikuwa na haki ya kukata rufaa au kuleta mchoro mwingine.

Dalili ya pili ilikuwa majirani. Walikuwa wameshahisi kwamba jengo lao limo hatarini, nao hawakukaa kimya. Waliomba lichunguzwe ili liingizwe katika orodha ya taifa ya majengo yanayolindwa. Wataalamu wa urithi wakaja, wakapiga picha, wakaandika kila kitu, wakachukua hata chapa za vigae kwa plasta. Taasisi ya Historic England ilikuwa karibu kupendekeza jengo liorodheshwe katika daraja la II. Mmiliki yeyote anayeona wageni wenye kamera na plasta wakihangaikia vigae vya ukuta wake angepaswa kusimama na kujiuliza.

Haikuwa hivyo. Jumatatu ya Pasaka, msimamizi wa baa aliambiwa afunge ili mali ihesabiwe. Tarehe 8 Aprili 2015, tingatinga likaingia. Hapakuwa na kibali, na uamuzi wa kuliorodhesha jengo ulikuwa umebakiza siku chache tu. Watu wa mtaa walitoka majumbani mwao wakakuta paa limeshaanguka na vifusi vimejaa uwanjani.

Huenda aliyetoa amri ya kubomoa aliamini kwamba jengo likishakuwa kifusi, mjadala umekwisha. Utalipa faini, utaomba radhi, kisha utajenga. Mawazo hayo yapo kwetu pia. Nimewasikia watu wazima, wenye busara zao, wakishauri, “Jenga kwanza, kibali kitafuata.” Tafadhali, ndugu msomaji, ushauri huo usiubebe kwenda nao London.

Westminster ilitoa amri ambayo si ya kawaida: jengo lirudishwe kama lilivyokuwa. Kampuni ikakata rufaa. Mwaka 2016 mkaguzi wa mipango miji aliyeteuliwa na serikali akaikataa rufaa hiyo baada ya kusikiliza pande zote, na akatoa muda wa miaka 2 wa kujenga upya. Na hapo ndipo zile picha na zile chapa za plasta zilipofanya kazi. Bila kumbukumbu zile, mmiliki angeweza kusema kwamba hakuna ajuaye jengo lilikuwaje. Sasa kila kigae kilikuwa na shahidi. Matofali na vigae vilivyookolewa kwenye kifusi vilirudishwa, vilivyokosekana vikatengenezwa vipya kwa kufuata sura ya vile vya zamani. Baa ilifunguliwa tena Aprili 2021, miaka 6 baada ya kubomolewa. Yule aliyetaka fleti 10 alilazimika kugharimia jengo lile lile aliloliangusha.

Utaniuliza, hayo yanamhusu vipi mtu anayenunua nyumba ya vyumba vitatu ya kukaa na watoto wake? Yanamhusu sana, maana yeye anaweza kubeba kosa ambalo hata hakulitenda.

Uingereza ina majengo yaliyoorodheshwa kwa madaraja, na la chini kabisa ni daraja la II, ambalo ndilo lenye majengo mengi zaidi. Mbali na hayo, kuna maeneo mazima ya hifadhi, yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1967. Kubadilisha jengo lililoorodheshwa bila idhini ni kosa la jinai, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 2 au faini isiyo na kikomo. Tena, halmashauri inapotaka kazi hiyo isahihishwe, amri humfuata anayemiliki nyumba leo, na kwa majengo hayo hakuna muda unaopita ukaifuta amri hiyo. Kama mwenye nyumba wa zamani aling’oa madirisha ya mbao akaweka ya plastiki miaka 20 iliyopita, wewe uliyehamia mwezi uliopita ndiwe utakayeambiwa uyarudishe ya mbao.

Acha nitoe mfano mmoja wa kitu unachoweza kukiona kwa macho yako. Nyumba nyingi za Victoria zilijengwa na dohani ya matofali inayopanda kutoka sebuleni, ikipita chumba cha juu na darini hadi kwenye paa, imeshikamana na ukuta wa jirani. Wenye nyumba huona kwamba sehemu ya chini inawalia nafasi, basi huikata sebuleni na kupiga plasta, ukuta ukawa sawa. Siku ya kuonyeshwa nyumba utaipenda sebule hiyo, ni pana na inaingiza kochi kubwa. Lakini panda juu. Ukikuta ukuta ule ule chumbani umetokeza mbele, na darini dohani bado ipo, fahamu kwamba kuna mzigo mkubwa wa matofali juu ya kichwa chako. Uliza unashikiliwa na nini. Uliza cheti cha kanuni za ujenzi kiko wapi, na kama jirani aliarifiwa kwa maandishi, maana sheria ya kuta za pamoja ya mwaka 1996 inataka apewe taarifa miezi 2 kabla ya kazi ya namna hiyo. Mwuzaji akikohoa na kubadilisha mazungumzo, hiyo nayo ni dalili. Mara nyingi tunaiona tukainyamazia, kwa sababu moyo umeshaipenda nyumba na tunaona haya kuonekana wasumbufu.

Haya si mageni kwa aliyekulia Mji Mkongwe wa Zanzibar, au Lamu, au mitaa ya kale ya Mombasa. Huko nako nyumba zinaegemeana, na boriti ya mmoja hutegemea ukuta wa mwenzake. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, Lamu tangu 2001, na anayenunua nyumba humo anajua, au ajulishwe mapema, kwamba mlango na baraza vina wenye kuviuliza. Tunaporuka kwenda Ulaya tunasahau hilo, tukadhani kule pesa humaliza kila jambo.

Basi kabla ya kutoa pesa, mpe kazi mkaguzi wa majengo unayemlipa wewe mwenyewe. Yule wa benki huja kuangalia kama mkopo wao uko salama, si kama wewe utalala salama. Mwagize mwanasheria wako akuletee majibu ya halmashauri kuhusu nyumba hiyo: imeorodheshwa au la, imo katika eneo la hifadhi au la, na vibali gani viliombwa, vikakubaliwa au vikakataliwa. Soma fomu ya maelezo aliyoijaza mwuzaji, hasa pale palipoulizwa kuhusu mabadiliko ya ujenzi. Akiandika kwamba hajui, usiharakishe kusaini. Kwa sheria za Uingereza, mpaka siku ya kubadilishana mikataba unaweza kujitoa, ukapoteza gharama za ukaguzi na za mwanasheria tu. Baada ya siku hiyo umefungwa, na ukijitoa, amana yako, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ya bei ya nyumba, inabaki kwa mwuzaji.